Sinthesaiza Mbili za Kukaa Nazo

HOJA: Kwamba mpenda sinthesaiza achague mbili tu za kumiliki na kuzitunza hadi mwisho wa umri wake, na zilizosalia azitoe mikononi mwake.

MPIGAJI. Naanza kwa kukiri kwamba neno lenyewe tunalolizungumzia halijapata kutulia katika lugha yetu, kwani wazee waliposema kinanda walikusudia chombo cha nyuzi kilicho jamaa ya udi, kisha jina hilo likahamia kwenye ogani na akodiani, na leo kijana akitajiwa kinanda huona mbele yake safu ya vibao vyeupe na vyeusi na waya uendao ukutani. Mimi nazungumza juu ya hiki cha mwisho, na hasa kile ambacho sauti yake haikuazimwa kwa chombo kingine, bali huzaliwa humo humo ndani kwa umeme. Hoja yangu ni nyepesi kutamka, ijapokuwa ni nzito kutekeleza: chombo cha namna hii mtu hakijui kwa dhati mpaka akae nacho miaka, na miaka ya mwanadamu haitoshi kugawiwa vyombo kumi na viwili. Mimi nimeshika Minimoog na DX7 ya pili, ile iliyotoka mwaka 1987, wala sioni haja ya nyingine mpaka nizikwe.

MKUSANYAJI. Wewe umeanza kwa jina. Mimi naanza kwa hesabu, maana ndiyo iliyonikera tangu hoja hii ilipotamkwa. Kwa nini mbili? Anayehubiri kinaa na akinai kwa moja, na anayehubiri haja atuonyeshe ni nani aliyezihesabu haja za sikio la mtu akazikuta mbili kamili. Kila sinthesaiza yenye thamani ni madhehebu ya peke yake. Robert Moog na wenzake walipoitoa Minimoog mwaka 1970, itikadi yao ilikuwa kwamba sauti huanza ikiwa nene na tele, kisha chujio huipunguza mpaka ikafikia umbo linalotakiwa, kama seremala anayetoa mlango katika gogo. John Chowning naye, katika chuo kikuu cha Stanford mwaka 1967, alikuwa akiuongeza kasi mtetemo wa sauti mpaka ukapita kiasi ambacho sikio laweza kuufuatisha, na pale pale hakusikia tena mtetemo, akasikia rangi mpya kabisa ya sauti. Yamaha wakapata leseni ya ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakauza DX7, ambayo hailipunguzi wimbi, hulitikisa wimbi kwa wimbi. Na kati ya hizo mbili ipo Prophet-5 ya Dave Smith, ya mwaka 1978, iliyopiga noti tano kwa pamoja na kuzihifadhi sauti ulizozitunga, jambo ambalo Minimoog yako ya asili haikulidiriki kamwe. Nitoe ipi katika hizo, nami nibaki na akili timamu?

MPIGAJI. Sikusema uzichome moto. Nilisema uzitoe, ziende kwa mtu atakayezipiga. Niambie, sheikh wangu, ile iliyo chini ya kitanda uliiwasha lini mara ya mwisho?

MKUSANYAJI. Ramadhani.

MPIGAJI. Ramadhani ya mwaka gani?

MKUSANYAJI. Hilo haliingii katika hoja.

FUNDI. Kwangu mimi linaingia, kwa kuwa chombo cha umeme kikilala hakilali salama. Nyinyi nyote wawili mwazungumza kama kwamba sinthesaiza ni kitabu, ukikiacha rafuni utakikuta ulivyokiacha. Acheni niwaeleze Juno-106, ambayo Roland waliitoa mwaka 1984 na ambayo mkusanyaji anayo, nami ndiye niliyeifungua. Ina sauti sita, na kila sauti ina chipu yake ndogo ya kusimama, iliyopakwa gundi nyeusi ngumu ambayo kiwandani ilikusudiwa kuwa kinga. Baada ya miaka gundi ile yenyewe ndiyo inayoliharibu lililo ndani. Dalili yake haisahauliki: unabonyeza kibao kimoja, mara ya kwanza chalia, mara ya pili chalia, ya tatu, ya nne, ya tano, na ya sita kimya, kwa kuwa chombo huzigawa noti kwa zamu na zamu imefika kwa maiti. Nikaitoa chipu ile nikailaza ndani ya asetoni katika chupa ya jemu usiku kucha, na asubuhi gundi ilikuwa imelegea kama ukoko wa wali uliotiwa maji, nikaibandua kwa kijiti cha kuchokolea meno, kidogo kidogo, huku nikishika pumzi, kwa sababu chini yake mna vitu vidogo kuliko punje za ufuta. Siku ile ilifufuka. Na zilizobaki tano zina gundi ile ile. Sasa mwenye vyombo kumi na viwili ana magonjwa kumi na mawili, kila moja na dawa yake, na vipuri vingi havitengenezwi tena. Mimi nakubali viwili, lakini si kwa sababu ya mpigaji.

MKUSANYAJI. Unakubali viwili ilhali vyangu ndivyo vinavyokulisha?

FUNDI. Ndiyo maana nasema kweli.

MWANAFUNZI. Wazee wangu, mniwie radhi. Mimi nina kompyuta moja ya kupakata, na ndani yake mna Minimoog, mna Prophet, mna DX7, na hata CS-80 ya Yamaha, ambayo nasikia uzito wake ulikaribia kilo 100 na ambayo Vangelis aliitumia katika muziki wa filamu ya Blade Runner. Zangu haziumwi gundi wala betri. Mwanafunzi wa leo akiambiwa achague mbili atauliza kwanza, mbili za nini?

FUNDI. Swali zuri, mwanangu. Programu hizo ulizinunua?

MWANAFUNZI. Nyingine nalipia kwa mwezi.

FUNDI. Basi hizo umepanga, hukumiliki. Na hoja iliyo mbele yetu inazungumzia kumiliki. Mimi nimekwisha kuletewa kompyuta iliyobadilishwa mfumo wake, ikazikataa programu zote za zamani, na kijana mwenye nayo akiwa na harusi usiku ule ule. Sikuwa na la kumlehemia.

MPIGAJI. Nami naongeza la mkono. Mwanangu, ukitaka kulifungua chujio katika kompyuta, unashika panya, unalenga duara lililochorwa, unaburuta. Na ukitaka kufungua chujio huku unapunguza wimbi la pili, unafanya hili kwanza, kisha lile. Katika Minimoog mikono yangu miwili iko juu ya vitu viwili kwa wakati mmoja, na sikio lapata habari kabla akili haijaijua. Mawimbi yake ni matatu. Ukiyapatanisha matatu hayo kisha ukaliachia moja lipotoke kidogo mno, sauti huanza kupumua. Nimepatafuta kwa miaka pahali pale ambapo hupumua bila ya kuyumba, na nimepapata kwa vidole. Ukiniuliza namba yake siijui.

MWANAFUNZI. Lakini, mzee wangu, hiyo yako yapiga noti moja tu. Ukibonyeza vibao viwili, husikika cha chini na cha juu hunyamaza. Sasa chombo kisichoweza hata kodi ya noti tatu, mtu atafungiwaje nacho maisha?

MPIGAJI. Hapo ndipo nilipokuwa nikikungoja, kwa sababu shutuma hiyo ni ya mtu aliyefundishwa kwamba muziki ni kodi, na sisi watu wa pwani hatukuanzia huko. Udi, nai, fidla na koo la mwimbaji, vyote hufuata uzi mmoja wa wimbo, na uzuri wake wote umo katika namna uzi huo unavyopinda, unavyokawia, unavyoingia katika noti kwa mlango wa pembeni. Chama cha taarabu cha Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, kilikuwa na wapigaji wengi wakiupiga uzi ule ule, kila mmoja na vito vyake. Chombo cha sauti moja chenye gurudumu la kupindia noti mkono wa kushoto si kilema katika nyumba kama hiyo. Sun Ra, mwanamuziki yule Mmarekani aliyekabidhiwa mfano wa awali wa Minimoog kabla haijafika madukani, hakuutumia kwa kodi. Aliufanya uimbe, na mara nyingine upige kelele.

MKUSANYAJI. Taratibu, bwana. Umeleta taarabu kwa khiari yako, basi usiniletee nusu yake. Katika maqamu ya Rast, noti ya tatu yakaa kati ya ile kubwa na ile ndogo, mahali ambapo vibao vya kinanda cha kizungu havina mlango. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipowaondoa wapiga fidla ikaweka kinanda kimoja, noti hizo zilikuwa za kwanza kufukuzwa, na wasikilizaji wengi hawakujua ni nini kilichotoweka, ila walihisi kwamba wimbo umenyooka kama uliopigwa pasi. Gurudumu lako linapinda noti, naam. Lakini wimbo wa haraka ukija utapinda kila mara ya noti ile na kurudi, kisha mkono wa kushoto huo huo ulishike chujio?

MPIGAJI. Haki yako. Na ndiyo sababu ya cha pili. DX7 ya kwanza ya mwaka 1983 isingenifaa, lakini hii ya 1987 inakuruhusu kuishusha au kuipandisha kila noti peke yake na kuihifadhi ngazi uliyoitunga, basi Rast yangu imo ndani, na Bayati imo. Sauti kumi na sita kwa pamoja, ukigusa kwa upole yalia kwa upole, ukipiga kwa nguvu rangi yenyewe hubadilika, si ukubwa wake tu. Na haipotoshwi na joto. Ile Minimoog huamka na kisirani: niwashapo saa kumi jioni sichezi kitu mpaka iishe kupata moto, na feni ikigeuzwa kuielekea noti hupotoka, nairudisha kwa ile swichi yake inayotoa noti ya kupimia, mizunguko 440 kwa sekunde. Hii ya pili ni tarakimu mwanzo hadi mwisho. Ilivyokuwa Kaskazi ndivyo ilivyo Kusi. Waona sasa kwamba mbili si hesabu ya kubahatisha. Moja inakosea na yaweza kuguswa kila mahali. Ya pili haikosei, na uso wake ni vitufe na vitelezi vichache, mtu huitunga sauti kama ajazaye fomu ya serikali. Kila moja inayo ile ambayo nyenziwe imenyimwa.

FUNDI. Na hiyo ya pili, iliyo nyumbani kwako, niliibadilisha betri mwezi uliopita, na lipo neno juu yake nitakalolisema wakati wake ukifika.

MPIGAJI. Neno gani?

FUNDI. Wakati wake haujafika.

MKUSANYAJI. Mimi naendelea. Nitoe burhani ya mtu, maana tumezidi kutaja mashine. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, kati ya mwaka 1977 na 1985 alirekodi na kuchapa santuri zake mwenyewe, katika studio yake mwenyewe, na sinthesaiza zikiwa nyingi. Zisikilizeni nyimbo zile: hii yajibu hii, ya tatu inacheka nyuma, ya nne inavuma chini kama jenereta. Muziki ule haukutungwa na mtu mwenye mbili. Wingi wenyewe ulikuwa ndiyo fikra.

MPIGAJI. Na hatima yake?

MKUSANYAJI. Alishika dini, akaiacha kazi ya muziki.

MPIGAJI. Na alipofuatwa baadaye aizungumze kazi ile?

MKUSANYAJI. Alikataa. Lakini hilo ni la moyo wake, mola wake ndiye ajuaye. Usilifanye hukumu juu ya wingi wa vyombo.

MPIGAJI. Silifanyi. Nakupa mtu mwingine umweke kando yake. Hailu Mergia, mpigaji wa Ethiopia aliyekuwa katika bendi ya Walias, alibaki Marekani, na mwaka 1985 akarekodi peke yake kwa akodiani, piano ya umeme, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Kisha akawa dereva wa teksi Washington. Katika buti la teksi aliweka kinanda kidogo cha betri, na katika foleni ya uwanja wa ndege wa Dulles, abiria wasipokuwepo, alikitoa akafanya mazoezi katika kiti cha nyuma. Miaka mingi. Watu walipomtafuta tena na kumrudisha jukwaani, vidole vilikuwa havijalala. Nikifikiri juu ya kumiliki na kutunza, picha inijiayo ni ile ya buti la gari, si ya ukuta uliojaa mashine.

MWANAFUNZI. Huyo basi alikuwa na kimoja, mzee wangu. Na kilikuwa kidogo cha kawaida, si Minimoog. Hoja yako imekupita ikaenda mbele.

MPIGAJI. Imenipita, nakiri.

FUNDI. Kabla hatujasahau kwamba vyombo hivi vyachomekwa ukutani, nitaje la umeme, kwa kuwa nyinyi huchagua kwa masikio na mimi huletewa matokeo kwenye mfuko wa rambo. Vingi vinavyoshuka bandarini kwetu vikiwa mtumba vyatoka Japani, na umeme wa Japani ni volti 100, na wetu ni 230. Tafauti hiyo mtu huijua kwa harufu.

MPIGAJI. Mimi ndiye niliyeijua. Sitamtaja aliyeniuzia; aliapa kwamba chombo kimeshajaribiwa, nami nikakichomeka mbele ya mke wangu na majirani wawili ili nao wasikie, na kilichosikika kilikuwa mlio mfupi kama wa mbegu ya mbuyu iliyokanyagwa, kisha moshi mwembamba ukapanda baina ya vibao, mmoja mmoja, kwa adabu. Fedha za miezi minne. Siku ile ndipo nilipoanza kuiamini hoja hii, kwa kuwa nilitambua kwamba nilikuwa nimenunua cha sita hali cha tatu sijakijua.

MKUSANYAJI. Kumbe hekima yako ilianzia katika moshi.

MPIGAJI. Yako itaanzia wapi?

MKUSANYAJI. Yangu naileta sasa, nami nimeiweka akiba muda wote huu. Umetuambia Minimoog inapumua, umetuambia ile ya mwaka 1983 isingekufaa na ya 1987 inakufaa, umetuambia ipi husumbuliwa na joto na ipi haisumbuliwi. Maarifa hayo uliyapata wapi? Hukuyapata dukani, kwa kuwa hapa duka la namna hiyo halipo. Ulikuwa ukija kwangu baada ya Isha, miaka mitatu mfululizo, ukikaa juu ya kijamvi, ukiwasha hii ukizima ile, ukiniuliza kwa nini Juno ina ule mvumo mtamu nami nikikuonyesha kitufe cha korasi. Ulichagua mbili katika kumi na mbili. Falau ningeifuata hoja yako miaka ile, ungechagua mbili katika mbili, na hilo halina jina la kuchagua.

MPIGAJI. Sikatai kwamba nilikuja, na chai nilikunywa. Lakini angalia, sheikh wangu, kwamba katika miaka hiyo mitatu wewe ulikuwa umekaa kitini ukinisikiliza. Sikumbuki usiku mmoja uliposema, sogea, nipige.

MKUSANYAJI. Mwenye maktaba halazimiki kusoma kwa sauti.

MPIGAJI. Alazimika kusoma.

MWANAFUNZI. Mimi nilidhani tunajadili vinanda.

FUNDI. Tunajadili vinanda, mwanangu, na wakati wa lile neno langu umefika. Nilipoifungua DX7 ile, niliifungua kwa bisibisi za chini, nikainua bamba, na betri yake ilikuwa imelehemewa kwenye ubao, ya duara, ukubwa wa shilingi. Kabla hujaitoa sharti uzihifadhi kwanza zile sauti zilizotungwa, kwani betri ikitoka zinafutika zote. Nikazihifadhi, Rast na Bayati zikiwemo. Basi pembeni ya betri, upande wa ndani wa kifuniko, palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na juu yake tarehe ya betri iliyotangulia na jina la mwenye chombo. Na jina lile si la mpigaji.

MWANAFUNZI. La nani?

FUNDI. Aketiye hapo akitazama mlango.

MPIGAJI. Ni amana. Sikupata kusema kwamba nimeinunua, nilisema nimeishika.

MKUSANYAJI. Ulisema wazishika mbili wala huoni haja ya nyingine mpaka uzikwe. Nami sikukudai, wala sikukusudia kulitaja hapa mbele za watu. Fundi ndiye aliyelifichua. Niliiazimisha kwa mwezi mmoja, wakati wa ile harusi ya binamu yako.

MPIGAJI. Binamu yangu sasa ana watoto wawili. Niuzie.

MKUSANYAJI. Siuzi.

MPIGAJI. Nawe huipigi. Ikirudi kwako itakwenda chini ya kitanda pamoja na ile ya Ramadhani.

MKUSANYAJI. Huenda. Na nikikuuzia, nyumba yangu itabaki na kumi na moja, nawe utakuwa na mbili, na hoja yako itakuwa imeshinda kwa fedha yangu. Siuzi. Lakini sikusema uirudishe. Zile ngazi za Rast na Bayati ulizotia humo, nitakuja kuzisikiliza.

MPIGAJI. Utakuja kuzipiga?

MKUSANYAJI. Nitakuja.

FUNDI. Na betri, nimdai nani?